Gome Lililozuia Kila Kitu

Bucha la karibu na stendi ya Bariadi lilikuwa na mteja mmoja aliyenunua maini kila wiki na hakuwahi kuyaonja. Watu walimhesabu kuwa mtu wa anasa. Mwalimu wa sekondari, mshahara wenyewe unafika kwa kusuasua, halafu anapita mbele ya wenzake na maini mabichi yamefungwa kwenye gazeti! Wengine walisema anafanya biashara ya pamba kwa siri, wengine wakasema ana nyumba ndogo inayopenda kula vizuri. Mimi ndiye niliyejua maini yanakokwenda, kwa sababu dawa ya kuyamwagia aliinunua kwangu.

Aliyapeleka kwenye maabara ya shule, akayakatakata, akayamwagia ile dawa ya maji ya kusafishia vidonda, kisha akakaa kutazama povu linavyopanda. Povu likipanda, anasikitika. Lisipopanda, anapiga kofi mezani mpaka darasa la jirani linanyamaza. Mwisho wa yote maini yalikwenda kwa mbwa wa mlinzi. Nasema bila kutia chumvi kwamba mwizi angeingia shuleni pale, mbwa yule asingeweza kunyanyuka.

Alifundisha kemia. Sote tulimwita Mwalimu, na mkewe naye alimwita Mwalimu, hata siku wanazogombana. Sitamwita kwa jina lingine hapa, maana nadhani hata yeye asingeitikia.

Mimi nilikuwa nesi hospitalini mpaka serikali ilipotuambia kwamba tumekuwa wengi mno. Tukapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungua milango ya biashara binafsi, kila mtu aliyepunguzwa kazi anafungua kitu, nami nikafungua duka la dawa baridi karibu na stendi. Siku hizo tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga, hakuna aliyekuwa akiota kwamba Simiyu itakuwa mkoa. Malori ya wanunuzi binafsi wa pamba yalikuwa yanapishana barabarani, nguo za mitumba zimetandazwa kila kona, na vidonge vinatoka nchi ambazo hata kwenye ramani ya shule sikuziona. Zamani tulikosa dawa kwa sababu hazipo. Sasa tulizikosa huku tunaziona kwenye kioo.

Mwalimu alikuja dukani karibu kila siku baada ya vipindi, jua likiwa limeshageuka, na salamu yake ilikuwa moja.

"Mwangaluka, Sista!"

Kwa asiye Msukuma nieleze: mwangaluka ni salamu ya asubuhi. Ya mchana ni mwadila. Mara ya kwanza nilimrekebisha, mimi mtu wa kupenda kurekebisha.

"Mwalimu, ni saa tisa alasiri."

"Kwenu," akanijibu. "Siku yangu mimi haijaanza mpaka nipate jibu."

Basi miaka yote akanisalimia asubuhi mchana kweupe, na wateja wakawa wanageuka kumtazama. Akishasalimu, huyo, anaingia nyuma ya meza bila kukaribishwa, anafungua boksi la dawa, anatoa ile karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani, anaisoma amesimama, mstari kwa mstari, midomo inacheza. Hanunui. Akimaliza anajaribu kuikunja, inamshinda, anaishindilia humo humo. Maboksi yote ya dukani kwangu yalikuwa yamevimba kwa sababu yake. Mkaguzi wa dawa alipokuja alidhani nauza mali iliyofunguliwa, na ilinibidi nimwite Mwalimu aje ajieleze. Alikuja akamfundisha mkaguzi kemia mpaka yule bwana akakumbuka kwamba gari lake linamngoja.

Kilichomtia wazimu huu kilikuwa mikono ya mkewe.

Mama Mwalimu alikuwa bingwa wa michembe. Viazi vitamu vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba, vinaanikwa juani, vinatunzwa kwa ajili ya miezi ya njaa. Kila nyumba usukumani inajua kufanya hivyo, lakini yeye alikata kwa namna yake. Ukichukua kipande chake ukakiinua, mwanga wa jua unakipenya. Wanawake walikuja kumwangalia anavyokata, wakarudi nyumbani wakajaribu, wakajikata vidole. Kisha ukaja ugonjwa wa viungo. Vidole vikavimba kwenye maungio, vikapinda, kisu kikawa kinadondoka. Hospitalini akapewa vidonge vya kupunguza uvimbe, na vilimsaidia, tena sana, mpaka siku alipoletwa anatapika damu. Nilikuwa zamu siku ile, kabla hatujapunguzwa. Nilimshika mkono Mwalimu, nikamkalisha kwenye benchi. Daktari akasema mama atapona tumbo, lakini vidonge vya aina ile asiviguse tena maisha yake yote.

Tangu hapo michembe ya nyumba ile ikawa inakatwa na Mwalimu. Alikata vipande vinene kama sabuni ya mche. Nje vinakauka, ndani vinaoza.

"Mwalimu," mkewe alimuuliza mbele yangu, "hii ni michembe au matofali?"

"Ni michembe, mama."

"Basi tujengee choo."

Alisema huku anacheka, mikono ameificha ndani ya kanga. Mwalimu naye alicheka, lakini mimi nilimwona anavyoitazama ile kanga.

Akaanza kusoma. Kulikuwa na mwalimu mzungu wa kujitolea aliyeondoka akaacha majarida ya sayansi, na Mwalimu aliyasoma mpaka yakatoka kurasa. Siku moja aliingia dukani anahema.

"Mwangaluka, Sista! Nimeuelewa ugomvi."

"Ugomvi gani tena?"

"Wa vidonge vyako na tumbo la mama. Mwilini kuna vimeng'enya viwili, ndugu wa baba mmoja. Mkubwa ni mtu mwema, analinda tumbo. Mdogo ni mkorofi, ndiye anayewasha moto kwenye viungo, mtu anavimba. Sasa vidonge vyako vinafanya kazi kama sungusungu waliolewa pombe. Kaiba mdogo, wao wanamchapa mdogo na kaka yake aliyelala. Tumbo linabaki halina mlinzi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo natafuta dawa inayomjua mwizi kwa jina."

Niseme ukweli, nilivutiwa. Nilikuwa nimevigawa vidonge vile miaka mingi bila kujua ni ugomvi wa kifamilia. Shida ni kwamba yule ndugu mdogo hapatikani Bariadi, hata ukienda mnadani. Ana maabara zake Ulaya. Mwalimu akaamua kutumia vimeng'enya vilivyopo. Kuna kimoja ndani ya maini, ndicho kinachotoa povu. Kingine kimo kwenye utomvu wa papai, kinalainisha nyama. Na kiazi kitamu ukikikata kinageuka cheusi kikipigwa na hewa, hiyo nayo ni kazi ya kimeng'enya. "Vyote ni ukoo mmoja," alisema. "Dawa itakayomshika binamu itamshika na mhusika."

Hapo ndipo alipopotea, ingawa wakati ule hata mimi niliona ni hesabu nzuri.

Akachemsha kila gome lililokuwa ndani ya mwendo wa baiskeli. Alifika mpaka Sola kufuata mizizi, akafika Lamadi kandoni mwa ziwa, akarudi na majani yananuka samaki. La mwisho likawa gome fulani aliloliita Namba Saba. Mti wenyewe hakuutaja kwa mtu, alisema makampuni makubwa yakijua yatakuja na meli. Lakini mti ulikuwa mgunga, tena mgunga wa nyuma ya kinu cha pamba, na mji mzima ulimwona anaubandua mchana, amevaa tai na ameshika panga.

Namba Saba ilitoa maji mekundu ya kukolea, na maji yale yalizuia kila kitu. Povu la maini likafa. Nyama ikagoma kulainika. Alikuja kunionyesha kiazi juu ya meza yangu ya dawa, nusu ameipaka, nusu ameiacha, tukasubiri.

"Unaona?" akasema. "Upande uliopakwa haujawa mweusi."

"Mwalimu, umekuwa mwekundu."

"Mwekundu si mweusi, Sista."



Alikuwa na misemo yake, na aliirudia mpaka wateja wangu wakaijua. Mtu akija dukani akisema fulani alikunywa dawa akapona, Mwalimu anainua kidole: "Kupona ni tetesi. Habari ni kipimo." Mama mmoja wa Nassa alimwambia mtoto wake amepona homa kwa maombi, naye akamuuliza joto lilishuka kwa kiasi gani. Yule mama akamwambia Mungu hatumii kipimajoto. Mwalimu aliwaza kidogo, akasema angetumia angetusaidia sana.

Na bado mtu huyu, ambaye hakuogopa bundi wala mganga, aliogopa kitu kimoja duniani: mama mkwe wake. Kwetu mkwe anaheshimiwa kwa kukwepwa. Hamtazamani usoni, hampeani mkono, mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Mwalimu alikuwa anawacheka watu kwa mambo mengi, lakini hili alilishika kuliko wazee wenyewe. Sokoni nilimwona kwa macho yangu amejichimbia katikati ya marobota ya pamba, suruali imejaa nyuzi, kwa sababu bibi yule alikuwa anachagua dagaa upande wa pili.

Sasa ikatokea bibi huyo huyo akavimba kifundo cha mguu. Akaja dukani kwangu, akakaa kwenye benchi, akaunyoosha mguu. Uvimbe mzuri, wa mviringo, uvimbe ambao Mwalimu alikuwa akiuota. Naye alikuwa ndio anakuja. Alipofika mlangoni na kumwona bibi, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akazunguka nyuma ya duka. Kisha nikasikia sauti yake kwenye tundu la ukuta.

"Sista! Umevimba kiasi gani?"

"Ingia uone mwenyewe."

"Siwezi! Chukua futi ya fundi cherehani, pima! Bonyeza kwa kidole, shimo linabaki?"

"Huyo nani anayeongea ukutani?" bibi akauliza.

"Ni mkweo, mayu," nikamjibu, yaani mama.

Bibi akajifunika uso kwa kanga, akaugeuzia ukuta mgongo, na hivyo ndivyo ulivyofanyika uchunguzi wa kisayansi: mgonjwa amejifunika, mtafiti ameweka uso wake kwenye matofali, mimi katikati nimepiga magoti na futi. Mwalimu akauliza, mimi nikauliza, bibi akanijibu mimi, mimi nikajibu ukuta. Mwishoni bibi akasema, "Mwambie huyo bwana kwamba binti yangu nilimkabidhi mikono ikiwa mizima." Sikuwa na haja ya kupeleka ujumbe huo. Nilipotoka nje Mwalimu alikuwa ameshaondoka na baiskeli yake.

Baada ya hapo akawa na haraka. Alikuwa amemwandikia mtaalamu mmoja wa utafiti wa dawa huko Dar es Salaam, na mtaalamu akajibu kwamba atapita Bariadi akielekea Musoma, na angependa kuona matokeo kwa watu. Akivutiwa atalichukua gome akalipime huko, kwenye vyombo vinavyomjua yule ndugu mdogo. Ndipo ingejulikana kama mikono ya Mama ina dawa au haina. Mwalimu akahitaji wenye uvimbe, tena wengi, tena haraka.

Usukumani, baada ya kuvuna pamba, huwezi kukosa magoti yaliyovimba. Ndio msimu wa mbina. Makundi mawili ya ngoma yanacheza uwanja mmoja, saa moja, kila kundi na duara lake, na hakuna jaji. Jaji ni watu. Duara litakalojaza watazamaji ndilo limeshinda. Ndiyo maana kila kundi lina dawa yake ya kuvuta watu, na manju, yaani kiongozi wa kundi, hulala na dawa hiyo kichwani. Kundi moja la mjini lilikuwa linacheza ngoma ya majembe, kuruka na kuchuchumaa tangu asubuhi, na mazoezi yalikuwa yamewavimbisha magoti karibu wote. Mwalimu akaenda kwao na futi.

Aliwaeleza vizuri. Nusu yao watapewa Namba Saba iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe. Nusu watapewa mafuta matupu. Hakuna atakayejua kapata nini. Makopo nitagawa mimi. Tutapima magoti kabla na baada, tutalinganisha. Ndivyo wanavyofanya wenzetu huko duniani.

Manju alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye sauti ya chini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Mwalimu, tumekusikia. Kwa hiyo unatupa dawa nusu ya kundi."

"Ndiyo. Nusu nyingine ni ya kulinganishia."

"Na nusu nyingine unawapa mafuta, unawaambia ni dawa."

"Sawasawa! Umeelewa kuliko wanafunzi wangu."

"Baba, kwetu hiyo haiitwi sayansi. Mtu akilitia dawa kundi nusu, akaliacha nusu, ametulogea mashindano."

Mwalimu alicheka, akadhani ni utani. Nikagawa makopo. Kuhusu hakuna-atakayejua, siri ilidumu mpaka kopo la kwanza lilipofunguliwa, maana mafuta ya wengine yalikuwa meupe na ya wengine mekundu kama udongo wa kichuguu. Manju hakugombana na mtu. Alikusanya makopo yote, akayamimina kwenye sufuria moja, akakoroga, akawapaka watu wake wote kwa mkono wake, kila goti, kwa haki.

Siku ya mashindano nilikuwepo, na Mwalimu alikuwepo, futi shingoni. Alipowaona wanaingia uwanjani, magoti yote mekundu, alikaa chini kwenye vumbi.

"Sista," akasema, "nusu yangu iko wapi?"

Ngoma ikaanza. Kundi la pili walikuwa wazuri, sitawanyima haki yao. Lakini upande wetu kulikuwa na watu wazima wenye magoti mekundu yanayong'aa kwa mafuta, wanaruka na majembe hewani. Nani asiende kutazama? Akaenda mmoja, wakaenda kumi, akina mama wakaacha vyungu vya pombe, na kabla jua halijapinda duara la pili limebaki na wapiga ngoma na mbuzi. Ushindi wa namna ile ulikuwa haujaonekana.

Mwalimu akawafuata washindi na futi yake. Niliandika vipimo mimi. Magoti yalikuwa yameongezeka uvimbe, kila moja, kama ambavyo goti lolote lingeongezeka baada ya kuruka siku nzima. Lakini jaribu kuwaambia.

"Umeponaje?" Mwalimu akamuuliza mmoja.

"Nimepona kabisa, baba. Wabeja sana, asante."

"Goti lako limevimba zaidi ya jana!"

"Futi yako imenywea," akasema manju kwa upole.

Wote walikuwa wamepona. Walipona hata ambao hawakuwa wagonjwa. Mpiga ngoma aliyekuwa amevimba jino, akapaka goti kwa kufuata mkumbo, naye alipona jino. Mwalimu alipiga kelele kwamba kupona ni tetesi, lakini walikuwa wameshambeba juu juu, wanamzungusha uwanjani, viatu vinaning'inia.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kesho yake foleni ilifika mpaka stendi. Hakuna aliyeuliza habari za uvimbe. Walitaka dawa ya kuvuta watu. Mchungaji mmoja alimtuma mzee wa kanisa aje kimyakimya. Mwenye gesti alitaka ya kupaka mlangoni. Mnunuzi mmoja wa pamba, ambaye mizani yake ilikuwa inatazamana na mizani ya mshindani wake, alijipatia kopo kwa njia anazozijua mwenyewe, akaipaka mizani. Wakulima walikwenda kwake kwa wingi kuuliza kwa nini mizani inatoka damu.

Mwalimu alitaka kulia. "Nimetafuta dawa ya uvimbe," aliniambia, "nimepata umati."

Mkewe ndiye aliyekuwa hajaiamini tangu mwanzo. Alikubali kupakwa kidole kimoja tu, kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kwa upendo, si kwa imani. Kidole kikawa chekundu, ngozi ikakakamaa, uvimbe ukabaki pale pale. Kanisani alikifunga kitambaa, na watu walipomuuliza alisema, "Nimeolewa na mtafiti."

Mtaalamu akaja kweli, binti wa miaka kama thelathini, mpole, ana kofia ya jua. Mwalimu hakumficha kitu, na hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Angeweza kumpeleka kwa wale wacheza ngoma wakaapa mbele yake. Hakufanya hivyo. Alimwambia majaribio ya watu yameharibika, akampeleka maabara, akamwonyesha maini yasiyotoa povu, nyama isiyolainika, kiazi chekundu. Nilikuwepo, nimeshika beseni.

Binti alitazama yote kwa makini. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa:

"Shikamoo tena, Mwalimu. Umenionyesha kinachozuiwa. Kipi hakizuiwi?"

"Hakuna," Mwalimu akasema kwa fahari. "Inazuia vyote!"

Nilimwona anakisikia mwenyewe alichokisema. Binti naye hakuongeza haraka, alimpa nafasi. Baadaye ndipo alipoeleza kwamba magome ya namna ile yana kitu kinachokamata kila kimeng'enya kinachokutana nacho, chema na kibaya, na ndiyo maana watengeneza ngozi huyatumia kuzuia ngozi za ng'ombe zisioze. Amepima mamia ya magome, mengi yamemdanganya vivyo hivyo, na yeye mwenyewe la kwanza alilishangilia.

"Sungusungu waliolewa," Mwalimu akasema polepole.

"Sijakuelewa, Mwalimu."

"Hapana, mama. Nimejielewa mimi."

Binti hakulichukua gome. Alipoondoka Mwalimu alimsindikiza mpaka kwenye gari, akamshukuru, akaja dukani kwangu akakaa kwenye benchi bila kusalimia. Wiki zilizofuata hakuja. Pale bucha maini yakawa yanauzwa kwa watu wengine, na mbwa wa mlinzi akaanza kukonda. Hapo nikajua ameumia kweli, nami niliumia pia. Nilikuwa nimemzoea kuja kuharibu maboksi yangu.

Alirudi, baadaye, akaendelea kusoma makaratasi na kunisalimia asubuhi saa tisa. Alistaafu. Michembe aliendelea kuikata yeye, minene vile vile, na Mama aliendelea kumwambia wajenge choo. Miaka ikaenda.

Kisha, zama za ruksa zikiwa zimeshapita, msambazaji wa Mwanza akaniletea boksi la vidonge vipya vya viungo. Nilifungua karatasi ya ndani nikaisoma mimi mwenyewe, nimesimama, midomo inacheza. Nilipofika katikati nikafunga duka nikamfuata nyumbani kwake.

Mwalimu alivaa miwani, akasoma chini ya ukingo wa paa. Karatasi ile ilisema habari za wale ndugu wawili, kwamba dawa hii inamshika mmoja na kumwacha mwenzake. Alisoma mara mbili. Halafu akaikunja kwa mikunjo yake yote, sawasawa, ikaingia kwenye boksi. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akiweza.

"Wamempata," akasema.

"Nani?"

"Mwizi. Kwa jina lake."

Nilimwambia wasikimbilie, waende kwanza hospitali, daktari ampime Mama presha na amsikilize moyo, maana hakuna dawa isiyo na mlango wa nyuma, na tumbo la mama lina historia. Wakaenda. Daktari akaruhusu, kwa kipimo kidogo na kwa kumfuatilia. Bei yake iliwauma, lakini hakuna aliyelalamika mbele yangu. Nikangoja habari. Zikapita wiki, kimya, nami nikaanza kuogopa lile tumbo.

Kisha alasiri moja kivuli chake kikaingia mlangoni. Amezeeka, baiskeli ameiegemeza ukutani, mkononi ana kitu kimefungwa kwenye gazeti.

"Mwadila, Sista."

Nilishtuka, maana miaka yote ile hakuwahi kunipa salamu ya mchana. Akaliweka gazeti juu ya meza. Nikadhani ni maini. Alipolifungua nikaona kipande cha kiazi, cheusi, kimekunjamana.

"Kidonge chako nilikisaga," akasema. "Nikakipaka kwenye kiazi. Tazama, kimekuwa cheusi. Nikakitia kwenye maini, povu likamwagika mpaka chini. Papai likailainisha nyama kama kawaida. Dawa hii haizuii chochote."

Hasira zikanipanda. "Mwalimu! Dawa ya mgonjwa, kwa bei ile, wewe unapaka viazi?"

"Kimoja tu."

"Kama umekuja kurudisha, mimi sipokei!"

"Sirudishi, mayu." Alikuwa anatabasamu. "Yule binti aliniuliza gome langu linaacha nini. Nimekaa na swali lile miaka yote. Hii inaacha viazi. Inaacha maini. Tumbo la mama imeliacha, hata kiungulia hana. Inaacha vyote, Sista."

Nilikichukua kile kipande ili nikitupe. Kilikuwa chepesi mno. Nikakiinua kuelekea mlangoni. Cheusi namna ile, na bado mwanga wa jua ulikipenya.

"Mwalimu," nikauliza, "nani amekata kiazi hiki?"

Alivua miwani, akaanza kuifuta kwa shati, na machozi yakawa yanaidondokea tena.

"Amenifukuza jikoni," akasema. "Anasema namharibia viazi."